Mpangaji Ndani ya Jiwe

Ijumaa, 12 Aprili

Kituo cha vijana tena. Viti vilevile vya plastiki, vinanata. Vinanata nini sijui, na sitaki kujua. Chini maganda ya mbegu za alizeti yametapakaa — kina baba wenzangu hutafuna na kutema, hutafuna na kutema, wakingoja muda wao uishe. Mahakama imenipa saa tatu kila Ijumaa za kumwona binti yangu mwenyewe, na zote nazikaa juu ya unyevu wa mtu mwingine. Kefule!

Anayemleta ni bibi yake, Hajati Insaf, mama mkwe wangu wa zamani. Hukaa meza ya pili. Mgongo kwetu, masikio kwetu.

Leo Gumana alikuwa na jambo. Alianza kabla hajakaa. Ameona kwenye simu ya mama yake kuna mawe hai — mawe ya baharini yanayouzwa pamoja na viumbe vilivyojificha ndani. Unaliweka jiwe kwenye tangi la maji ya chumvi, unangoja. Siku moja linatoa mguu. Siku nyingine pembe. Hujui ulichonunua mpaka kitoke chenyewe. "Baba, ni kama kununua nyumba yenye wapangaji, halafu hujawahi kuwaona!"

Macho yake yalivyong'aa! Nikasema bila kufikiri: nitakununulia.

"Utaliweka wapi?"

"Kwangu."

"Nije kuliona?"

Hajakanyaga kwangu tangu talaka, tangu akiwa na miaka saba. Hukumu inasema kituoni, basi ni kituoni, labda mama yake aridhie. Nikamwona Hajati anageuza kiti polepole. Nikajiandaa kwa matusi. Akasema tu atamwuliza Inas, mama yake Gumana.

Jioni amepiga simu. Inas amekubali! Siku ya Sham el-Nasim, sikukuu yetu ya majira ya kuchipua, wakishatoka bustanini, saa moja tu, na Hajati mwenyewe atakuwepo. Kisha, kwa kuwa hawezi kunipa tende bila kokwa, akaongeza: "Lakini kwako sikukuu itakuwa matanga, mwanangu. Hata fesikhi huna."

Nikamwambia samaki aliyeoza haingii nyumbani kwangu. Miaka yote ya ndoa, kila Sham el-Nasim, nilikula yai langu la rangi peke yangu roshanini, na ukoo mzima ndani umeuzunguka ule mzoga, vidole vinameremeta mafuta. Mkizi anavundikwa kwenye chumvi mpaka nyama inalegea, halafu watu wazima wanagombania kichwa! Serikali kila mwaka inaonya. Wapi.

Hajati akacheka mpaka akakohoa. "Mmisri gani wewe!"

Acha acheke. Gumana anakuja kwangu.

Jumapili, 14 Aprili

Nimepata tangi la mtumba, kubwa, kioo kizima. Mwenyewe alisema alilisafisha. Alilisafisha kwa nini, kwa ulimi? Pembezoni kuna ute wa kijani, chini mchanga mweusi, na ndani ya mchanga fuvu la samaki mdogo akinitazama. Nimesugua kwa siki mpaka mikono imekunjamana. Nimetapika kidogo. Nimeendelea.

Jumanne, 16 Aprili

Maji ya chumvi tayari, pampu inanguruma. Nimesoma na kuuliza. Wote wanaofuga vitu hivi wanasema jambo moja: jiwe hai halichaguliwi kwa macho, huchaguliwa kwa pua. Zuri linanuka ufukwe asubuhi. Bovu linanuka mauti, hata likiwa na rangi za harusi.

Sawa. Lakini mimi ni mtu wa miwani. Miaka ishirini napima macho ya watu wa Iskandaria, naona ufa kwenye kioo ambao mwenye kiwanda hauoni. Jicho langu nalijua. Pua yangu ni adui yangu tangu utotoni — inasikia kila kitu. Inasikia mteja alikula nini juzi.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimechagua! Nimechoka, lakini nimechagua.

Duka la Shawqi, muuza mawe hai, liko kwenye kichochoro nyuma ya Manshiya. Nililiulizia kwa wiki nzima. Hakuna aliyeniambia kwamba mlango wa pili yake ni muuza fesikhi! Na msimu ndio huu. Mapipa yamepangwa mpaka barabarani, vifuniko wazi, na watu wamejipanga, wanacheka, wanainama kunusa. Wanainama! Kwa hiari yao! Mama mmoja alimwinua mtoto wake mchanga aone ndani ya pipa, kana kwamba anamwonyesha mwezi.

Niligeuka mara mbili nirudi kwenye tramu. Mara ya tatu nikaingia duka la dawa lililoko kona, nikanunua dawa ya mafua ya kupaka, ile kali ya mnanaa. Nikajaza tundu zote mbili za pua. Leso juu. Machozi yakanitoka, lakini nikapita. Dunia nzima ilinuka peremende.

Shawqi ni mtu mnene, mikono imebabuka kwa chumvi, sauti ya mnadi. "Karibu bosi! Pole na mafua."

Sikumsahihisha.

Akanipeleka nyuma, kwenye masanduku yenye magazeti yaliyolowa maji. Akasema kweli, namshukuru kwa hilo: sanduku moja limetoka Indonesia kwa ndege, limekuja vizuri, la pili lilikwama forodhani, kuna yaliyopona na kuna yaliyojifia. "Yamechanganyika, bosi. Wewe nusa tu, usione haya. Jiwe halinuni."

Nikaanza kuchagua. Nilikuwa na raha, nakiri! Niliyainua moja moja kwenye mwanga wa mlango. Nikatafuta ule ukoko wa zambarau, maana ndio uhai unavyojionyesha. Nikatafuta matundu mengi, mapango, madirisha — wapangaji wanataka vyumba. Uzito nao: jepesi ni jema, zito ni bonge tupu. Nikayaweka manne kando. Kisha nikaliona la tano, kubwa, zambarau kama joho la askofu, lina tao katikati. Nikawasha tochi ndani ya tundu. Kitu kikajivuta! Mguu mwembamba, wenye vinyweleo, kama ukope. Ukapepesa, ukapotea.

Huyu hapa. Huyu ndiye wa Gumana.

Shawqi alilishika lile la tao, akalisogeza usoni pangu. "Hili linusie vizuri. Nina wasiwasi nalo."

Nikalivuta kwa pua kwa nguvu zangu zote. Mnanaa. "Safi," nikasema.

Akanitazama. "Safi?"

"Linanuka baharini."

"Na hayo manne?"

"Yote safi."

Akakuna shingo, akafunga kwenye magazeti. Akanionya nisiyatie tangini moja kwa moja. Niyaweke pembeni kwenye beseni majuma kadhaa, mpaka yatoe uchafu wake. Majuma! Mimi nina siku za kuhesabu kwa vidole. Nikamwambia ndiyo, ndiyo, nikayachukua.

Nimeyapanga tangini sasa hivi. Tao katikati. Ni kama mji mdogo uliozama. Sijawahi kuwa na kitu kizuri hivi nyumbani humu, na pua bado inawaka mnanaa.

Ijumaa, 19 Aprili

Kituoni. Nimemweleza Gumana habari za ule mguu. Alisimama juu ya kiti. Kiti kile kichafu! Sikumkemea.

"Ulikuwa mguu au mkono?"

"Sijui."

"Una vidole?"

"Vinyweleo."

Amempa jina papo hapo: Mpangaji. Anataka kujua kama hula, kama hulala, kama atamwogopa. Akaniambia kwa kunong'ona, ili bibi asisikie, kwamba amelala akifikiria chumba chake cha zamani kwangu kama bado kina pazia la samaki. Kipo, nikamwambia. Pazia lipo.

Wakati wa kuondoka Hajati alipita karibu yangu, akasimama. Akavuta pumzi. Mara ya pili. Akanitazama kwa jicho ambalo hajawahi kunitazama nalo. "Leo unanuka kibinadamu, Wagdi." Akaenda zake.

Anamaanisha nini yule mwanamke?

Jumamosi, 20 Aprili

Mnanaa umeisha puani. Nimejua alichomaanisha.

Asubuhi nilidhani bomba la choo limepasuka. Nikafukunyua jikoni. Nikainua zulia. Nikanusa viatu vyangu. Halafu nikasogea sebuleni, kwenye tangi.

Ya Rabi!

Maji yamekuwa maziwa. Juu povu la manjano. Mawe mawili yameota ukungu mweupe, kama kamasi, unapepea na maji. Kipande cha sifongo kilichokuwa chekundu juzi kimekuwa cheusi na kinachuruzika. Na harufu — kuna shombo, hiyo naijua, nimezaliwa Iskandaria. Hii siyo shombo. Huu ni uvundo wenye mikono. Unakushika koo.

Mchagua nazi hupata koroma. Mimi nimelipata lililooza, na nimelichagua kwa tochi!

Jumatatu, 22 Aprili

Nimeyahamishia bafuni, kwenye hodhi, kwa maji mapya ya chumvi. Bafu halina dirisha. Nimekaa juu ya ndoo na mswaki wa zamani, nasugua jiwe moja moja. Naandika yaliyotoka, ili mtu asiseme nilitia chumvi: kaa mfu asiye na gamba. Konokono aliyegeuka uji. Kitu kama kidole cha mtu, laini, sijui nini, kilipasuka mkononi. Na nyungunyungu! Wekundu, wana miiba ubavuni myeupe kama nywele za mbwa, wananenepa kwa kula wafu wenzao. Mmoja alinipandia kifundo cha mkono. Nilipiga yowe, nikamrusha, akagandama kwenye taulo. Taulo nimelitupa. Miiba nimeitoa kwa kibano cha kazini, kile cha skrubu za miwani.

Naoga kwa kopo jikoni. Sabuni haifui kitu. Leo mteja, bibi mstaarabu kabisa, nilipoinama kumpima jicho la kushoto aliegemea nyuma mpaka kiti kikalia. Bosi wangu kaniuliza kama naanza msimu wa fesikhi mapema.

Jioni hodi. Madamu Marsel wa ghorofa ya chini, mjane wa Kikopti, yuko kwenye saumu yao ya Pasaka mpaka Jumapili. Nikajua yamekuja malalamiko. Nikafungua mlango kidogo.

Alikuwa amefumba macho. Anavuta hewa!

"Bwana Wagdi, Mungu anakuona. Sisi siku hizi tunaishi kwa maharage na ufuta, wewe umefungua fesikhi! Na mzuri hivyo! Wa wapi? Niambie tu jina la duka, sikukuu ikifika nijue pa kwenda."

Nikamwambia ni mawe.

"Mawe."

"Mawe, Madamu. Ya baharini. Yameoza."

Akanitazama kama anavyotazamwa mchoyo aliyeficha sufuria chini ya kitanda. "Haya. Mungu akupe moyo mpana," akasema, na akashuka ngazi taratibu, akinusa kila kidato.

Nimefunga mlango nikacheka. Kisha sikucheka.

Jumatano, 24 Aprili

Nimempigia Shawqi. Nilitaka kugomba. Nilipomaliza kusema akauliza swali moja: "Bosi, siku ile ulikuwa na mafua kweli?"

Nikamtajia mnanaa.

"Nilijua! Nilikuona unanusa lile la tao, hukukunja hata uso. Nikasema moyoni, huyu ama ni mgonjwa ama ni shujaa." Akacheka, lakini si kwa ubaya. Akaniambia siyo mwisho wa dunia: sugua, mwaga maji, tia mengine, ngoja. Uozo una mwisho wake, na aliye mzima ndani atatoka. Lini? Mwezi. Labda zaidi. Mawe mengine hana mpaka baada ya sikukuu.

Mwezi! Gumana anakuja Jumatatu.

Nimewasha tochi kwenye tao tangu nitoke kazini. Hakuna mguu. Kuna ute tu unaoninginia mlangoni mwa pango.

Niahirishe? Nimeinua simu mara nne. Namjua Inas. Atasema, hata jiwe limemshinda. Na mara nyingine hataridhia, na hukumu itabaki kituoni, na Gumana atakua akinijua kama mtu wa kwenye kiti cha plastiki. Siahirishi.

Ijumaa, 26 Aprili

"Mpangaji mzima?"

"Amelala."

"Kila siku analala?"

"Ndiyo maisha ya wapangaji."

Amemchorea zawadi. Picha ya jiwe lenye mlango, na kengele mlangoni. Nimeikunja, nimeiweka kwenye mfuko wa shati. Sikula chakula cha mchana. Siyo kwa harufu.

Jumapili, 28 Aprili

Madirisha yote wazi tangu alfajiri. Nimefukiza ubani. Nimechemsha malimau na mdalasini. Nimekaanga kahawa kavu, ushauri wa bosi. Matokeo: nyumba inanuka mzoga uliokwenda harusini.

Madamu Marsel amemaliza saumu leo. Amepanda na sahani ya mayai ya rangi, "kwa ajili ya binti". Ameyaleta pamoja na kununa, lakini ameyaleta. Akachungulia nyuma ya bega langu kuelekea jikoni. Sikumkaribisha. Nianze kuona haya leo?

Adhuhuri nikafikia uamuzi wa kila nyumba ya Misri: klorini. Mama yangu alikuwa akiamini hakuna tatizo duniani ambalo chupa ya klorini hailiwezi. Nimwage chupa nzima kwenye hodhi. Kila kitu kitakufa, cheupe, safi, na kesho nyumba itanuka hospitali. Gumana ataona mawe mazuri meupe. Mpangaji? Nitamwambia amehama. Wapangaji huhama.

Nikaingia bafuni na chupa. Nikafungua kifuniko. Nikapiga magoti juu ya maji yale — nilishaacha kuziba pua, nimechoka kuziba — na kwa mazoea tu nikawasha tochi kwenye tao, mara ya mwisho.

Ukope.

Ule ule! Ulitoka kwenye tundu la chini, chini kabisa, ukapapasa ukingo, kama kipofu anayetafuta kitasa. Kisha wa pili. Anatembea juu ya wafu wake, juu ya ute ule ambao mimi siwezi hata kuutazama, na anachukua vipande, anakula. Anasafisha nyumba!

Nimekaa pale sijui kwa muda gani, chupa wazi mkononi. Nikaifunga.

Kwa hiyo kesho kutanuka. Imekwisha. Mtoto ataingia, ataziba pua, atatapika labda, Hajati atapata hadithi ya kusimulia mpaka siku ya kiyama, na mimi nitasema: Gumana, yuko hai, njoo uone. Akitaka kuona.

Nachukia kila kitu kilichomo bafuni mle isipokuwa miguu miwili.

Jumatatu, 29 Aprili. Sham el-Nasim

Naandika nimesimama kwenye foleni. Mbele yangu kuna watu kumi au zaidi, nyuma sihesabu. Nikiacha kuandika nitapumua vizuri, na nikipumua vizuri nitaanguka. Basi naandika.

Walifika saa nane. Nilisikia viatu vyake kwenye ngazi, anapanda mbili mbili kama zamani. Nilifungua kabla ya hodi. Nguo ya njano, ua la bustanini sikioni, nyuma yake Hajati anahema na kikapu.

Gumana aliingia hatua tatu. Akasimama.

Niliiona pua yake inatanuka. Nikafungua mdomo. Maelezo niliyaandaa usiku kucha, nimeyapanga vizuri: mwanangu, samahani, kuna harufu, lakini —

Akageuka, na uso wake — sijui niuandikeje. "Bibi! Bibi, njoo! Baba kanunua fesikhi!"

Nikatazama mlango wa bafu.

"Baba! Wewe! Unachukia na umeninunulia!" Akanirukia, akanikumbatia kiunoni, kichwa kwenye shati langu linalonuka mauti, na hakuziba pua. Alivuta hewa! Mtoto wa mama yake, mjukuu wa bibi yake. "Nilimwambia Mama kwako hakutakuwa na sikukuu. Nikasema si kitu. Na kumbe!"

Hajati naye akaingia. Akanusa. Uso ukamlainika kama siagi. Akaanza kukunja mikono ya nguo. "Haya basi, leo nimeshuhudia. Vitunguu viko wapi? Mkate upo?"

Ningesema nini? Niambieni. Ningesema, hapana, hii ni minyoo?

Nikasema: "Nimeagiza. Bado kuchukua. Hii ni... kionjo tu." Nikasema vitunguu vimekwisha. Nikasema mambo. Gumana hakunisikia, alikuwa ananiuliza Mpangaji yuko wapi. Nikamwonyesha bafu, nikampa tochi. Nikamwacha amepiga magoti kando ya hodhi, nguo ya njano kwenye sakafu ile, anamwita kwa jina. Nikashuka mbio. Madamu Marsel alikuwa mlangoni kwake. "Umeishiwa?" akaniuliza. Kwa furaha!

Na sasa niko hapa, duka la fesikhi mtaani kwangu, lile ambalo miaka yote nimelikwepa kwa kuvuka barabara. Sina mnanaa. Sina leso. Mapipa yako pale. Kila muuzaji anapoinua mkizi mmoja, tumbo linang'aa kijivu, mafuta yanadondoka, na foleni nzima inasema "aaah". Jamaa wa nyuma yangu ameniegemea na ananiuliza kwa nini naandika badala ya kusogea. Anadhani mimi ni mtu wa idara ya afya, nimekuja kukagua.

Simu. Hajati.

Nimepokea. Nilisikia maji, na Gumana kwa mbali akisema "njoo, usiogope, ni mimi."

"Niko bafuni," Hajati akasema.

Nikasogea hatua moja na foleni.

"Nimeona."

"Hajati, mimi —"

"Nyamaza. Mtoto hajui. Anadhani fesikhi wako jikoni wamefungwa, na hayo mawe ndivyo yalivyo." Akapumua. Nilingoja kile kicheko. Hakikuja. "Uko wapi? Kwenye foleni?"

"Nimesimama."

"Wewe? Umesimama foleni ya fesikhi?"

"Nimesimama, Mama."

Sijamwita hivyo tangu talaka. Lilinitoka tu.

Sauti yake ikawa ya jikoni, ya mtu anayejua kazi yake: niombe wa leo leo, nibonyeze mgongo, nyama isiingie kidole, ndani iwe ya waridi na si ya kijivu. "Wakubwa watatu. Mimi nitamshika hapa na huyo mdudu wake, saa moja si msahafu. Na sikiliza, Wagdi. Usije ukachagua kwa macho, kama ulivyozoea. Inama, unuse."

Amekata.

Foleni imesogea. Nimefika. Muuzaji, mikono mpaka kwenye viwiko ni mafuta, amemchagua mmoja, amempasua kwa kidole gumba, amemnyoosha mpaka ncha ya pua yangu. "Nusa, bwana mkubwa. Sikukuu njema."

Nyuma wanapiga kelele nifanye upesi. Macho yanasema ni mzuri: waridi, mnono, ngozi inang'aa.

Nimefumba macho. Nimenusa. Mpaka chini. Kuna chumvi, kuna uozo, na nyuma yake kabisa kuna kitu kichungu ambacho nimekaa nacho wiki nzima bafuni na nakijua sasa kuliko jina langu.

"Huyu hapana," nimemwambia. "Niletee mwingine."